Alasiri ya Kipupwe Penye Mchanga wa Mto

Msomaji, ukiifungua ramani ya Kenya na kuweka kidole chako juu ya mji wa Kitui, kisha ukakivuta kidogo kuelekea upande wa Machakos, utafika mahali paitwapo Kwa Vonza. Kutoka hapo mpaka baharini, hata ukipima kwa mstari ulionyoka, ni zaidi ya kilomita 300. Basi nikikuambia kwamba nataka kukupeleka ufuoni bila ya kuondoka Kwa Vonza, yamkini utadhani nafanya mzaha. Sifanyi mzaha. Ufuo tunao. Ni mpana, mchanga wake ni mweupe, una miti kandokando yake na ndege juu ya miti hiyo. Upungufu wake ni mmoja tu: maji yake hayaonekani.

Mito mingi ya Ukambani ni ya namna hii. Tiva, ulio mkubwa katika mito ya upande wetu, hupokea maji ya vilima vya Kitui na kuyaelekeza nyika ya Tsavo. Lakini mtu aweza kuuvuka kwa viatu vikavu sehemu kubwa ya mwaka. Mvua zikinyesha, mto hushuka kwa siku kadhaa au majuma kadhaa. Zikikoma, mto hutoweka machoni na kuacha barabara ya mchanga inayopindapinda kati ya kingo mbili. Nitakayokueleza yalinipata katika kijito kimojawapo cha vile vinavyopeleka maji Tiva. Jina lake sitalitaja. Sababu si kwamba nimelisahau, bali kwamba wako watu wanaotafuta majina kama hayo, na mbele kidogo utawafahamu.

Ilikuwa alasiri ya mwezi wa Julai. Wageni hudhani kwamba nchi ya Kitui ni jua mwaka mzima, nao hushangaa wakija wakati wa kipupwe. Mvua za Machi hadi Mei zimekwisha, zile za Oktoba hadi Desemba, ambazo wakulima wetu huzitumaini zaidi, ziko mbali. Katikati ya misimu hiyo mbingu hujifunika mawingu ya kijivu yasiyoleta mvua. Asubuhi watoto huja shuleni wamevaa sweta na kuficha mikono katika makwapa. Mchana jua huchungulia, likajiona halitakiwi, likarudi. Mabua ya mahindi yamekwisha kukatwa na kupewa ng'ombe. Mashamba yamebaki matupu. Upepo hupita bila kukuta kitu cha kutikisa. Ni majira ya ukimya. Mimi huyapenda kuliko yote, ingawa najua kwamba wanaobeba maji hawawezi kuyapenda kwa namna hiyo.

Yafaa nieleze nilichokwenda kufanya, kwani mwalimu hatembei mtoni siku ya Jumamosi kwa kupunga hewa tu. Shule yetu ilikuwa na haja ya darasa jipya. Wanafunzi walikuwa wameongezeka, na kidato kimoja kilikuwa kikisoma ndani ya chumba cha mabati ambamo mvua ikinyesha mwalimu haisikii hata sauti yake mwenyewe. Fedha za mawe na saruji zilikuwa zimepatikana. Ulibaki mchanga. Fundi alisema kazi ile itataka tani 30. Mtu mmoja mwenye lori alikuja mbele ya bodi ya shule akaahidi kuuleta mchanga wote kwa siku moja, kwa bei nafuu, mradi asiulizwe atauchimba wapi. Wengine walifurahi. Mzee mmoja alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Hebu mwalimu ashuke mtoni kwanza, atazame." Nami ndiye niliyechaguliwa, maana nafundisha jiografia, na katika nchi yetu mwalimu wa jiografia hudhaniwa kujua kila kitu kilicho chini ya ardhi.

Nilishuka mnamo saa nane na nusu, nikiwa nimebeba nondo ya urefu wa mita 2 begani. Njia hupita kati ya migunga na mikwaju, na mahali fulani hutokea peupe, ukaweza kuona upande wa magharibi ule uwanda mrefu wa Yatta. Simama nami hapo kidogo, msomaji, kwa sababu Yatta ina jambo lake. Kwa mbali huonekana kama ukuta uliosawazishwa juu kwa pimamaji. Ni mwamba wa volkeno uliotiririka ukiwa moto miaka ipatayo milioni 13 iliyopita, ukaenda umbali wa karibu kilomita 300, nao umehesabiwa miongoni mwa mitiririko mirefu ya volkeno duniani. Wanajiolojia hueleza kwamba mwamba ule ulipokuwa uji ulifuata bonde la mto wa kale. Ulipoganda ukawa mgumu. Nchi iliyouzunguka ilikuwa laini zaidi, nayo ikaliwa na mvua kidogo kidogo, mpaka kilichokuwa bonde kikabaki juu na vilivyokuwa vilima vikashuka chini. Kwa hiyo tunapotazama Yatta twatazama njia ya mto uliokufa, nayo imeinuliwa juu ya vichwa vyetu. Wanafunzi wangu huniambia kwamba hawaamini. Huwajibu kwamba hata mimi ilinichukua muda.

Kutoka hapo njia huteremka ghafula kati ya kingo za udongo mwekundu, na mara mguu huacha udongo na kuzama katika mchanga.

Jambo la kwanza ni kwamba sauti hubadilika. Penye udongo nilikuwa nikisikia hatua zangu. Penye mchanga sikuzisikia tena. Mto ulikuwa na upana wa hatua 40 hivi. Juu yake upepo wa baridi ulikuwa ukipita polepole kutoka kusini, na mchanga ulikuwa umepangwa kwa mikunjo midogo kama nguo iliyooshwa na kutandazwa bila kunyooshwa. Juu ya mikunjo ile palikuwa na maandishi ya asubuhi. Nyayo za kanga zilivuka kutoka kichaka hata kichaka. Mbuzi walikuwa wamepita wengi pamoja, wakaharibu kila kitu. Mbele kidogo nyani mmoja au wawili walikuwa wamefukua shimo la kina cha mkono, wakanywa, wakaondoka. Nyani hana shule ya jiografia, lakini hakosei mahali pa kufukua. Hondohondo alilia mara moja juu ya mkuyu, akanyamaza kana kwamba ameona haya kwa kelele zake.

Nilipokuwa kijana nilisoma chuo cha ualimu upande wa kaskazini wa Mombasa, na ufuo wa bahari ulikuwa si mbali na mabweni yetu. Nilikuwa nikienda huko mwezi kama huu wa Julai, wakati wa Kusi, watalii wanapopungua na mashua nyingi ndogo zinapovutwa juu. Bahari haikuwa ya picha za kalenda. Ilikuwa ya kijivu, mawimbi yakivunjika kwa mbali juu ya mwamba, na ufuo wote ulifunikwa na majani ya bahari yaliyotupwa na maji, yakanuka, yakageuka meusi. Mtu aliweza kwenda nusu saa asikutane na mwingine ila kaa. Huko ndiko nilikojifunza kwamba ufuo una majira mawili: yale ya kuonyeshwa watu na yale ya kuwa peke yake. Nilipoanza kazi nikarejeshwa Ukambani, nilidhani nimeuacha ufuo nyuma yangu. Baadaye nikaona kwamba mto wetu nao una majira hayo, ila yamegeuzwa. Siku unazotazamwa na watu ni zile chache za mafuriko. Siku zilizobaki uko peke yake, na hizo ndizo siku zake za kazi.

Mafuriko yenyewe si ya kuchezewa, na sitaki ukae katika mchanga huu pamoja nami ukadhani kwamba umelala. Mvua yaweza kunyesha vilimani ambako huioni, nawe umesimama kwenye mchanga mkavu chini ya mbingu safi. Kisha husikia ngurumo isiyo ya radi, na maji ya rangi ya udongo hutokea penye kona yakisukuma mbele yake magogo na povu. Mnamo Desemba 2021 basi lililochukua wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu, karibu na Mwingi, katika kaunti hii ya Kitui. Zaidi ya watu 30 walikufa maji, mahali ambapo miezi mingi ya mwaka mtoto huweza kukaa akichora kwa kijiti.

Niliinama nikachota mchanga kiganjani. Fanya hivyo nawe siku moja, usiutazame kama kitu kimoja. Chembe nyingi ni nyeupe au za rangi ya maziwa: hizo ni kwatzi, iliyo ngumu kuliko ndugu zake zote, nayo ndiyo iliyobaki baada ya miamba ya kale ya nchi yetu kuchakaa. Vipande vyembamba vinavyometameta ni ulanga. Penye mikunjo utaona mistari myeusi. Pitisha smaku juu yake na chembe zitasimama kama nywele, kwa kuwa zina madini ya chuma. Chembe za mto huwa na pembe, hazikulainishwa kama zile za jangwani ambazo upepo umezizungusha mpaka zikawa mviringo. Pembe hizo ndizo zinazofanya mchanga wetu ushikane vizuri na saruji. Kwa maneno mengine, uzuri wake ndio adui yake.

Baada ya kona ya pili nilikuta watu. Walikuwa wanawake watatu, msichana mmoja na punda wawili, penye kisima kilichochimbwa katikati ya mchanga na kuzungushiwa matawi ya miiba ili ng'ombe wasiingie. Aliyekuwa ndani ya kisima alikuwa mwanamke mzee. Kwetu mwanamke wa umri huo huitwa susu, yaani bibi, hata kama si bibi yako wa damu. Nilimwamkia kama ipasavyo, nikasimama kando, kwa kuwa si adabu kusimama juu ya mtu aliye shimoni. Maji yalikuwa chini yake, kiasi cha beseni, safi kiasi kwamba niliona vidole vya miguu yake. Alichota kwa kata, akamimina katika mtungi wa plastiki, akangoja. Maji yalirudi polepole, yakijitokeza pande zote za mchanga bila sauti. Akachota tena. Mtungi mmoja wa lita 20 ulimchukua muda ambao mimi ningesahihisha insha moja, na sitaki kusema kwamba kazi yangu ni ndogo.

"Leo maji yako kiunoni," aliniambia, akimaanisha kina cha kisima. "Mwezi wa tisa yatakuwa kifuani. Wa kumi tutaweka ngazi."

Ngazi ile si jambo dogo. Kisima cha mchanga kikizidi kimo cha mtu, kingo zake huweza kuanguka, na katika nchi hizi watu wamewahi kufukiwa wakichota maji. Susu hakulisema hilo. Alisema tu kwamba zamani, alipokuwa msichana, hawakuhitaji ngazi mahali hapo hata mvua zikichelewa.

Hapa, msomaji, nataka tuache ufuo kidogo tufanye hesabu, kwani pasipo hesabu huwezi kuelewa kilichomfanya susu aseme maneno yale. Mchanga si kitu kizima kama mwamba. Kati ya chembe na chembe kuna nafasi, na mto ukishuka, nafasi hizo hujaa maji. Mto unapoacha kutiririka juu, maji yaliyomo ndani hubaki, yakizuiliwa chini na mwamba. Jua huyanyonya yale yaliyo karibu na uso. Lakini ukishuka kiasi cha mita 1, jua halina nguvu nyingi tena. Mbu hawezi kutaga mayai humo. Ng'ombe hawezi kuyachafua kwa miguu. Mchanga wenyewe huyachuja. Ni ghala lisilo na mlango, na hiyo ndiyo hatari yake.

Lori la tani 10 huchukua mchanga wa mita za ujazo zipatazo 6. Tuseme kwamba robo ya ujazo huo ndiyo nafasi ambamo maji hukaa na kuweza kuchotwa. Robo ya 6 ni 1 na nusu. Mita moja na nusu ya ujazo ni lita 1,500. Na lita 1,500 ni mitungi 75. Kila lori linalopanda ukingo huondoka na nafasi ya mitungi 75. Tena si ya mara moja: ni mitungi 75 ambayo ingejazwa kila mto unaposhuka, mwaka baada ya mwaka. Mafuriko huleta mchanga mwingine, ni kweli. Lakini yakileta kidogo na malori yakachukua kingi, siku moja beleshi hugonga mwamba, na mwamba hauwekei mtu akiba. Tani 30 za darasa letu zilikuwa malori matatu. Piga hesabu mwenyewe.

Watu wa Ukambani walijifunza zamani kuigeuza hesabu hiyo iwafae. Tangu miaka ya 1950 kumejengwa katika nchi hii mabwawa ya mchanga, nayo ni vitu ambavyo mgeni huvitazama na kuvicheka, kwa maana huona ukuta wa saruji uliojengwa kuvuka mto na nyuma yake hapana maji, ni mchanga tupu hata ukingoni. Hajui kwamba ndivyo ulivyokusudiwa. Ukuta husimama juu ya mwamba. Mafuriko yakija, mchanga mzito hutua nyuma yake na tope jepesi hupita juu likaenda zake. Baada ya misimu kadhaa ghala hujaa. Mwaka 1978 Joshua Mukusya na majirani zake wa Utooni, upande wa Machakos, walianza kujenga mabwawa hayo kwa mikono yao. Na katika Kitui shirika la SASOL limesaidia vijiji kujenga mamia tangu miaka ya 1990. Kazi hufanywa kwa mwethya, yaani watu hukusanyika, huyu na jiwe lake na yule na ndoo yake, bila ya kulipana. Wageni kutoka nchi za mbali huja kuyatazama. Si vitu vingi tunavyotazamiwa na wageni, basi naona si vibaya nikivitaja.

Sasa nikurudishe kwa wale wanaotafuta majina ya vijito. Nairobi hujengwa usiku na mchana, na nyumba za Nairobi hutaka mchanga wa Machakos, wa Makueni na wa Kitui. Barabara ziko nzuri, malori ni mengi. Wala si Nairobi peke yake: Umoja wa Mataifa umekadiria kwamba dunia hutumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kwa mwaka, na kwamba baada ya maji hakuna kitu ambacho wanadamu huchimba na kukitumia kwa wingi kama hicho. Serikali hazikukaa kimya. Mwaka 2007 ilitolewa miongozo ya taifa juu ya kuvuna mchanga. Mwaka 2015 kaunti ya Makueni ilitunga sheria yake ya kuhifadhi mchanga, na mwaka 2018 kaunti ya Kitui ilipiga marufuku kuupeleka mchanga nje ya kaunti. Walakini sheria hukaa ofisini, na mto hukaa mbali na ofisi. Malori mengine huja usiku.

Ningependa kukuambia kwamba wanaoyapakia malori hayo ni watu wabaya, insha yangu ikawa nyepesi. Siwezi. Nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha pili, mpole, hodari wa hesabu, ambaye kila likizo alirudi na mikono yenye malengelenge yaliyopasuka. Nilipomwuliza hakunificha. Alikuwa akipakia mchanga pamoja na kaka yake. Mabeleshi manne yaliweza kulijaza lori kabla ya mapambazuko, na ujira wake ulitosha kupunguza karo ya muhula. Nilimweleza habari ya mitungi 75. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akasema, "Ni kweli, mwalimu. Lakini mto haulipi karo, na mwenye lori hulipa." Mama yake ndiye aliyekuwa akienda kuchota maji. Alijua hesabu hiyo kabla yangu, ila yeye alikuwa amekwisha kuifanya kwa pande zote mbili.

Sikuwa na jibu kwa siku ile. Nilizungumza na walimu wenzangu, na bodi ikakubali alipe karo kidogo kidogo na afanye kazi katika bustani ya shule. Jambo hilo lilimfaa yeye. Kaka yake hakuwa mwanafunzi, akaendelea kupakia.

Haya yote yalikuwa moyoni mwangu niliposimama kando ya kisima na nondo yangu begani. Susu alitoka shimoni, akafuta mikono kwa leso, akaitazama ile nondo.

"Umekuja kumchoma nani, mwalimu?"

Nikamweleza bila kuzunguka: shule yataka tani 30 za mchanga, nami nimetumwa kutazama. Wale wanawake wengine waliacha kufunga mitungi. Nilijua wanachofikiri. Kwao hapakuwa na tofauti kubwa kati ya mwalimu mwenye nondo na mwenye lori, isipokuwa kwamba mwalimu huamkia kwanza.

Susu hakukasirika. Wajukuu wake wawili walikuwa wakisoma shuleni kwetu, na mmoja wao alikuwa katika kile chumba cha mabati. Aliniuliza darasa litakuwa na ukubwa gani, na kama litakuwa na tangi la kuvunia maji ya paa. Nikasema litakuwa nalo. Akafikiri. Kisha akamwachia msichana punda, akanitangulia kuupanda mto, miguu mitupu, kwa mwendo ambao mimi mwenye miaka thelathini na kitu niliuona mgumu.

Tulipita kona mbili bila kusema. Kwenye kona ya tatu palikuwa na mwamba mweusi uliojitokeza katikati ya mchanga kama mgongo wa kiboko. Akasimama juu yake. "Piga hapa nyuma," akasema. Nilikuwa nimekwisha kuipiga nondo karibu na kisima chake nayo ikazama yote, mita 2, bila kugusa kitu. Hapa ilizama nusu mita ikalia. Nikasogea hatua kumi, nikapiga tena, ikalia. Mahali popote juu ya mwamba ule mchanga ulikuwa mwembamba. "Hapa maji hayakai," alisema susu. "Yakija huteremka kwetu. Hapa sisi hatujapata kuchimba, wala mama zetu. Chukueni hapa."

Nilikuwa nimebeba kitabu cha kuandikia, nikapima urefu na upana kwa hatua. Kwa kadiri ya hesabu yangu tani 30 zilikuwapo, na zaidi kidogo. Nikafunga kitabu. Nilidhani kazi imekwisha.

"Lakini si kwa lori," akasema.

Nikamwuliza kwa nini, kama mahali penyewe hapana maji.

"Lori likitaka kufika hapa sharti mkate ukingo. Mkiukata, njia itabaki. Ninyi mtachukua malori matatu mkaenda kusomesha. Wale wengine wataikuta njia iko tayari."

Msomaji, nimesoma vitabu kadhaa juu ya habari ya mchanga na mito, na si hoja ya bure ninayokupa: katika vile nilivyovisoma sikuwa nimekutana na neno hilo. Vitabu hupima mchanga uliochukuliwa. Yeye alipima ufunguo.

Bodi ilipokutana nilieleza yote mawili, mwamba na ukingo. Yule mwenye lori hakurudi. Kulikuwa na ubishi mrefu, kwa sababu mkokoteni wa punda huchukua kilo 400 hivi, na tani 30 ni safari 75, na kila mtu alijua kwamba siku moja ya lori ingekuwa miezi ya mikokoteni. Kamati ya maji ya kijiji ililetwa ikasema neno lake, nalo lilikuwa lile lile la susu. Mwishowe wazazi wenye mikokoteni walijigawa kwa mwethya, safari tatu kwa Jumamosi kwa kuanzia, na mwanafunzi wangu yule wa hesabu akapewa daftari la kuandika kila mzigo unapofika. Kaka yake alikuja Jumamosi ya pili na beleshi lake mwenyewe. Hakuna aliyemwuliza neno.

Kufikia mwisho wa Oktoba daftari lilikuwa na safari 48. Kisha usiku mmoja mto ukashuka, ukaenda siku nne, na kazi ikasimama mpaka Januari.